Kitanda Alichokiruka Titus

Juzi hapa Mumbuni, kwenye foleni ya maji, mwanamke mmoja alisema ati Titus Kimeu alifukuzwa hospitalini kwa kuiba dawa. Nilitua mtungi wangu chini. Nikamwuliza, "Ulikuwako?" Akasema alisikia tu. Nikamwambia arudi kwa huyo aliyemwambia, wote wawili wakanawe midomo. Mimi nilikuwako. Nilikuwa nimelala mguu umening'inizwa juu kama wa mbuzi buchani, siendi mbele wala nyuma, na mambo yote yalitendeka mbele ya macho yangu. Basi nitayasema mimi, Wagaki, mama yake Wanyoike, muuza mitumba wa soko la Machakos, na asiyetaka kusikia aende zake.

Titus alikuwa jirani yangu. Tulipanga ploti moja, mlango wake na wangu inatazamana. Alikuwa mtu wa Kivaa, kule Masinga, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya kufua. Mkewe Nzisa alikuwa fundi wa cherehani kwenye kiwanda cha nguo Athi River, anakuja nyumbani wikendi, na mtoto wao Muli alilelewa Kola na nyanya yake, mama yake Nzisa. Kwa hiyo siku za kazi Titus alikuwa peke yake, na mimi sijui kunyamaza, basi tulizoeana. Nilimwita Baba Muli, yeye akaniita Mama Wanyoike, na akipika chapati zake ngumu kama soli ananiletea moja nimcheke.

Kazi yake ilikuwa famasi, kwenye hospitali moja ya misheni hapa kwetu ambayo sitaitaja. Siku moja tukichambua maharagwe alinieleza kwa nini alisomea dawa. Akiwa bado shule ya msingi, dadake mdogo alipelekwa zahanati akadungwa sindano. Hawakufika hata langoni. Uso ulianza kuvimba, pumzi ikakata, mtoto akafia mgongoni kwa mama yake. Hakuna aliyeuliza ile sindano ilikuwa ya nini. Watu walisema ni Mungu ameamua.

"Mama Wanyoike," akaniambia, "Mungu alisingiziwa."

Basi akawa hivyo maisha yake yote. Wenzake wakimaliza kuhesabu tembe wanakaa kunywa chai, yeye anapanda wadi. Kitanda kwa kitanda: Umewashwa? Umetoka vipele? Mdomo unauma? Macho je? Mkojo unachoma? Hiyo dawa uliwahi kuimeza zamani, na ilikukubali? Hakuna aliyemtuma. Miaka hiyo nani alikuwa na habari na mambo kama hayo? Ukimeza dawa na ikuue, ni ugonjwa umekuua. Manesi walimbandika jina, Daktari Vipele, na madaktari walimwona kama inzi kwenye chai. Lakini kuna mzee mmoja wa Kola, Nzuki, aliyevimba macho mpaka yakazibika, na Titus ndiye aliyesema ni ile dawa ya kifafa, iondolewe leo hii. Iliondolewa. Yule mzee yuko hai mpaka leo, anapiga kelele kwenye baraza za chifu.

Sasa nifike kwangu. Mwaka wa elfu mbili na mbili nilianguka kutoka juu ya lori la viazi nikavunjika paja. Nilikuwa nimepanda juu ya magunia kuangalia kama viazi vimeoza, na dereva, mjinga yule, akaondoa gari. Nikapelekwa hospitali hiyo hiyo, wadi ya wanawake, nikafungwa mguu kwa kamba na uzito. Kulala hivyo wiki baada ya wiki, aki, ni kifungo bila kesi.

Kwenye kitanda cha pembeni yangu, kile cha dirishani, aliletwa mama mmoja mzee anayekohoa. Nilipouliza anatoka wapi nikaambiwa Kola. Jina, Kamanthe. Nikamtazama vizuri, nikaona pua ya Nzisa. Kumbe ndiye mama mkwe wa jirani yangu! Nilifurahi, nikajua sasa tutapata mtu wa kutuletea maziwa. Naye alikuwa mama mtamu kweli. Aliniita mwana wakwa, mtoto wangu, na ndizi yake ya kwanza aliigawa katikati tukala sote.

Saa nane Titus akaingia na maswali yake. Kitanda cha kwanza, cha pili, mpaka changu. Yule mama alipoisikia sauti yake tu mlangoni alivuta blanketi akajifunika gubigubi, kichwa na miguu. Titus naye akasimama upande wangu, akaupa mgongo ule wa dirishani, akaniambia, "Mama Wanyoike, mwambie mgonjwa wa dirishani nimemsalimia." Nikageuka nikamwambia, "Mama, unasalimiwa." Chini ya blanketi nikasikia, "Mwambie nimeitikia, na mtoto hajambo." Nikageuka tena, "Hajambo mtoto." Nilicheka mpaka mguu ukauma. Watu wanasikilizana, hata kitambaa cha kutenganisha hakuna, halafu mimi ndiye posta!

Wakamba wanaiita nthoni. Hata kwetu Kikuyu iko, lakini sisi tumeilegeza, na wa umri wa Kamanthe walikuwa bado wameikaza. Mwanamume hamtazami mama mzazi wa mkewe usoni. Hali naye chakula, halitaji jina lake, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Si chuki. Ni heshima, na kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyojificha zaidi. Wadi nzima ilimsifu yule mama. Sista Kalondu, mkubwa wa wadi, Mkamba mwenyewe, alisema, "Mnaona mwanamke aliyelelewa? Siku hizi hawa wasichana wanakaa meza moja na baba mkwe wakimwagiana soda."

Basi maswali ya Titus yakawa yanaishia kwangu. Kitanda cha dirishani alikiruka. Alimwomba Sista Kalondu amwulizie, na Sista akauliza kutoka mlangoni, mbele ya Titus, "Mama, dawa zinakukubali?" Blanketi likajibu, "Ziko sawa kabisa." Ungetaka ajibu nini, na mkwe wake amesimama hapo? Na manesi wengine hawakujisumbua. Walisema huyo ana mtu wake wa dawa, anaangaliwa kuliko wagonjwa wote.

Dawa zenyewe zilikuwa za salfa, tembe kubwa nyeupe. Alikuwa amezianza kule kwao, kutoka bahasha ndogo ya kaki, kabla hajaletwa, na hospitali ikaendelea nazo hizo hizo. Kifua kilipoa. Lakini homa ikarudi. Macho yakawa mekundu. Sista akampaka dawa ya macho akaenda. Midomo ikapasuka, akaacha ugali, akaacha uji, ikawa ni maji tu, na akimeza anafumba macho. Nilimwambia Sista, akamletea ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Kujiosha alikataa kusaidiwa. Akienda choo anarudi ameshika ukuta, machozi yanatoka, na mimi nimefungwa pale kama ng'ombe, siwezi hata kumshika mkono.

Siku moja baada ya chakula cha mchana blanketi lilimteleza, nikaona mkono wake. Woi! Malengelenge, na mahali lengelenge limepasuka ngozi imejikunja kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nikamwambia, "Mama, hii si homa! Hizi ni dawa. Kila siku huyu mtu anauliza vitu hivi hivi na wewe uko navyo vyote!"

Alinishika kwa mkono ule ule. "Nyamaza, mwana wakwa. Hizi dawa zinatoka mikononi mwa mkwe wangu. Kola yote inajua nimetibiwa na mkwe wangu. Nikisema zinaniunguza, nimemtukana mbele ya watu."

"Na huko chini?" nikamwuliza kwa sauti ndogo, maana nilikuwa nimemwona akitoka choo.

"Huko ndiko kubaya zaidi," akasema. "Sasa hayo nitayapitishaje mpaka yamfikie yeye?"

Mimi sikunyamaza. Titus alipoingia tu sikungoja afike, nilipiga kelele wadi nzima ikageuka: "Baba Muli, kuja hapa! Huyu mama anabanduka ngozi!" Nikamtajia macho, midomo, mkono, na yale mengine pia, aibu nikaitupa huko. Nilimwona Titus akibadilika uso. Mtu aliyeuliza maswali hayo miaka yote, siku hiyo akajibiwa yote kwa pamoja, na ni kutoka kitanda alichokuwa akikiruka. Akasema taratibu, "Ni salfa. Zisimamishwe sasa hivi." Akamwambia Sista Kalondu asimpe tena hata moja.

Hapo ndipo alipoingia Daktari Kinyua. Kijana wa juzi juzi, ametoka chumba cha upasuaji, na anaitwa huko tena, amechoka na ana haraka. Alimfokea Titus mbele yetu sote. "Nani amekuambia usimamishe dawa zangu? Kifua chake kimepona kwa dawa hizo. Wewe ni daktari?"

"Ngozi yake inatoka, daktari."

"Umeiona?"

Titus akanigeukia mimi.

"Nimekuuliza, umemwona mgonjwa kwa macho yako?"

"Sijamwona."

"Sasa unaniambia nini? Mfunue tuone."

Titus akasogea mpaka kwenye miguu ya kitanda. Hakuwahi kufika karibu hivyo. Blanketi lote lilikuwa linatetemeka. Vidole viwili vilitokeza pembeni vimelishika, kucha zimeanza kulegea, na vilikaza mpaka vikawa vyeupe. Akaniambia mimi, si yeye, "Mama Wanyoike, mwombe. Mwambie ni kazi tu. Mwambie sitaangalia uso." Nikamwomba. Ngai, nilimwomba yule mama kama ninayemwomba mama yangu mzazi. Akajibu chini ya blanketi, "Afadhali nife kuliko mkwe wangu anione hivi."

Nikamwambia Titus avute. "Vuta hiyo kitu, Baba Muli! Utaomba msamaha baadaye!" Alinyoosha mkono. Nilimwona akinyoosha mkono ukafika juu ya blanketi, ukakaa pale, halafu akaurudisha. Hasira niliyokuwa nayo, kama mguu ungekuwa wangu ningeshuka nimpige kofi. Na leo bado sijui kama ningekuwa na haki. Kuvuta blanketi mikononi mwa mama wa mkeo ni kumvua nguo, hakuna jina lingine. Yeye alijua hivyo na mama alijua hivyo. Mimi tu ndiye niliyetaka asijue kwa dakika moja.

Nilimwambia daktari amwondoe Titus wadini, halafu yeye au Sista amfunue mama. "Wewe mwenye mguu, tulia," akanijibu. Akainama kidogo. "Mama, una shida yoyote?"

Na yule mama, na sauti yake iliyokuwa imekauka, akajitahidi ikatoka imenyooka: "Sina shida, daktari. Dawa ni nzuri sana. Aliyezileta anajua kazi yake."

Daktari akamwangalia Titus. "Unaona? Dawa ziendelee." Wakamwita tena kutoka mlangoni, kuna akina mama wa kujifungua, akatoka mbio. Alisema atamwona asubuhi.

Sasa ndio msikie huo wizi. Titus alikwenda kwenye kabati la wadi, akachukua chupa nzima ya zile tembe, akaitia mfuko wa koti, akatoka nayo mbele ya Sista Kalondu. Alijua anavunja amri ya daktari. "Waandike wanavyotaka," akasema. "Hazitamezwa hapa." Hiyo ndiyo dawa aliyoiba. Nilitulia kidogo moyoni. Nilijiambia, basi, angalau sumu imeondoka. Akaenda kupiga simu Athi River, msimamizi akamwambia Nzisa yuko kwenye mashine, apige kesho wakati wa chakula. Akapiga tena, akakatiwa.

Asubuhi daktari hakuja, alikuwa bado anapasua. Sista alimtazama mama mkono akakunja uso, akasema ngoja daktari. Na mama alikuwa mbaya zaidi. Sikuelewa. Dawa si zimeondolewa? Kwa nini anazidi?

Nzisa alifika mchana akiwa na aproni ya kiwanda, nyuzi zimemshika nywele. Ujumbe wa Titus ulimfikia asubuhi, akatoroka kazi. Yeye hakuuliza mtu. Alifunua blanketi, na mlio aliotoa sitaki kuukumbuka. "Mwaitu! Mwaitu!" Mama! Mama! Mgongo wote ulikuwa umeshikana na shuka. Hata Sista Kalondu alikaa chini sakafuni na yunifomu yake nyeupe. Daktari Kinyua aliitwa akaja, akaangalia, na aliposema neno lilikuwa ni dripu na maji ya chumvi. Hakumtazama Titus aliyekuwa nje koridoni.

Nzisa ndiye aliyekuwa akimvua leso kiunoni alipokuta fundo. Akalifungua. Ndani kulikuwa na ile bahasha ndogo ya kaki ya dawa za kule kwao, imekunjwa, tupu.

"Mwaitu, umezimeza hizi? Lini?"

Mama akasema kwa shida, neno moja moja. Jioni alimeza na asubuhi alimeza, zikaisha. Alikuwa amesikia daktari akimgombeza mkwe wake kwa ajili yake. Alisikia dawa zimeondolewa kabatini, akajua sasa wanasema dawa za Titus ni mbaya, watamfukuza kazi, na Muli atakula nini? Basi akazimeza ili apone haraka, asimame, watu waone kwamba dawa zilikuwa nzuri.

Nzisa alitoka koridoni. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia yote. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. "Ulisimama pale kwenye miguu yake?" akamwuliza mumewe. Akasema ndiyo. "Ulijua ni nini?" Akasema ndiyo. "Na ukarudi nyuma." Nzisa akamwambia, "Mimi pia ningekuchukia ungemfunua," halafu akakalia ile benchi ya wagonjwa akalia, na Titus akasimama tu pembeni yake hajui aweke wapi mikono.

Kamanthe alipokufa, waliandika amekufa kwa kifua. Titus alitaka kusema ukweli, alikwenda mpaka mlango wa ofisi, lakini Nzisa alimshika koti. Mama yake alijificha mpaka mwisho, sasa Titus akayataje yale ya mwili wake mbele ya wanaume wa ofisini? Akarudi. Mtu aliyekataa Mungu asingiziwe, akakubali kifua kisingiziwe. Mwezi ule ule aliacha kazi mwenyewe, hakufukuzwa na mtu. Yuko Kivaa kwao, analima mbaazi, na nikiumwa nikamtumia mtu amwulize dawa gani nimeze, ananijibu kwamba hajui mambo ya dawa. Wikendi Nzisa huenda Kola kwa Muli. Kivaa haendi.

Lakini kitu kinachonikaa kooni ni siku ile ya mwisho. Macho ya Kamanthe yalikuwa yameshikana, haoni. Walimfunika kwa shashi tu, na blanketi wakaliweka juu ya vyuma lisimguse. Nzisa alikuwa amekwenda kumchotea maji. Titus akaingia. Hakusimama upande wangu safari hii. Alipita kitanda changu, akaenda mpaka dirishani, akapiga magoti karibu na kichwa chake, akamtazama uso wazi wazi. Nadhani alijiambia sasa haoni, hakuna wa kuonewa aibu. Akasema, mara ya kwanza maishani kuongea naye yeye mwenyewe, "Mama, ni mimi Titus. Nisamehe."

Yule mama aliijua sauti. Mkono wake, ule ambao ngozi ilikuwa imekwisha, ukainuka ukaanza kutafuta. Ukapapasa kifuani, ukapapasa pembeni, ukagonga vile vyuma. Alikuwa anatafuta blanketi ajifunike uso, na halikuwa mwilini mwake, na hakuacha kutafuta. Alikuwa anaumia, kila akigusa kitu anaguna, na bado anatafuta.

Titus akainuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Akaniambia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu, "Mama Wanyoike, mwambie nimetoka."

Nikamwambia, "Mama, ametoka." Ndipo mkono ukatulia.